Usianze na nobu: niliyoyaona nikiunda sinthesaiza ndani ya kompyuta

Ami yangu alikuwa baharia. Alipostaafu alirudi Lamu na koti zito la baridi, ambalo hapa halijapata kazi mpaka leo, na Roland SH-101. Kwa asiyeijua, hiyo ni sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe) ndogo ya Kijapani iliyotoka mwaka 1982: vitufe 32, osileta moja, yaani sehemu inayozalisha wimbi la sauti, na noti moja kwa wakati mmoja. Haina MIDI, ile lugha ya ala kuzungumza na kompyuta, maana MIDI yenyewe ilikuja 1983. Lakini inakubali betri 6, na hizo betri ndizo zilizoipa jina harusini. Umeme ukikatika, vijana walihamishia spika kwenye betri ya gari na ami hakupoteza hata noti.

Kilichoimaliza ni chumvi. Nyumba yetu haiko mbali na bahari, na pepo za kusi hazibishi hodi. Vitelezi vyake vimeshika kutu; ukikisukuma kimoja, spika inakwaruza kama punda anayeburuta mabati. Mafundi wawili wa Langoni wameifungua na kuifunga tena bila kuipata dawa. Mimi ndugu yenu naandika programu kwa riziki yangu, nikasema: sauti hii nitaiunda upya ndani ya laptopu. Nilidhani ni kazi ya mwezi mmoja. Imenichukua miaka miwili ya jioni, na nusu yake ningeiokoa kama ningeambiwa haya mapema.

Wiki sita za mwanzo nilizitumia kuchora uso wake kwenye skrini, yaani vitelezi na nobu, vile vishikio vya kuzungusha. Kivuli chini ya kila kitelezi, rangi ile ile ya kijivu, hata mikwaruzo niliiweka. Nikamwonyesha ami, akafurahi kweli, kisha akasema, "Haya mwanangu, ipige." Haikuwa na sauti. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwako: programu yako ya kwanza isiwe na uso kabisa. Iandike kwa lugha nyepesi ya Python, mistari thelathini hivi, itoe faili moja ya sauti ya WAV na inyamaze. Isikilize kwa hedifoni, kisha ifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, utazame masafa yake, yaani mitetemo kwa sekunde (Hz). Ukitaka kubadilisha kitu, badilisha namba kwenye kodi, yaani maandishi ya programu. Mambo ya C++ na JUCE, vifaa vya kuundia programu kubwa za sauti, yatakuja, hayakimbii.

Neno la pili: chagua chombo kimoja, tena chepesi. Minimoog ya 1970 ina osileta tatu na kila mtu anaitamani, lakini osileta tatu ni makosa matatu yanayolia pamoja, hutajua lipi limetoka wapi. Osileta moja haifichi kitu.

Sasa tuingie jikoni. Wimbi la msumeno linaonekana rahisi kuliko yote: hesabu inapanda kutoka -1 hadi 1, ikifika inaanguka, inaanza tena. Mistari mitatu. Nami niliiandika hivyo, nikapiga noti za chini, ikanguruma vizuri. Nilipopanda juu ikaanza kulia vibaya. Ami alikuwa barazani na kahawa yake, akauliza kutoka nje, "Mbona yalia kama bati?"

Sababu yake nitaieleza kwa namba, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama na kudhani tatizo ni spika. Kompyuta kwa kawaida inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila pimo likiitwa sampuli, na kwa kipimo hicho haiwezi kubeba masafa yaliyozidi nusu yake, yaani Hz 22,050. Wimbi la msumeno la Hz 2,000 lina ndugu zake: 4,000, 6,000, 8,000, na kuendelea bila mwisho. Yule wa 22,000 anapita. Yule wa 24,000 hana nafasi, lakini haondoki. Anarudi nyuma kama wimbi lililogonga ukuta wa gati, na anatokea kwenye 20,100. Wa 26,000 anatokea 18,100. Wa 42,000 anatua kwenye 2,100, karibu kabisa na noti yako, nao wanagombana. Hakuna hata mmoja wa hawa waliorudi aliye wa familia ya 2,000. Wamevamia harusi isiyo yao.

Kipimo chake ni sikio. Telezesha noti polepole kwenda juu. Ukisikia sauti nyembamba zikishuka wakati noti inapanda, ndio hao. Sakiti ya analogi haina ugonjwa huu kwa sababu haipimi kwa vipande. Dawa niliyoitumia inaitwa PolyBLEP: pale wimbi linapoanguka, unalainisha sampuli moja kabla na moja baada kwa hesabu ndogo. Haiponyi yote, ila kwa mistari kumi bati liliisha, na kwa noti za muziki wetu inatosha. Wimbi la mraba lilainishe vivyo hivyo kwenye kingo zake zote mbili. Na likishakaa sawa, jaribu kulibana upande mmoja liwe jembamba: linapata sauti ya puani, na hapo mtu wa Lamu atasikia zumari bila kuambiwa.

Chujio, sehemu inayokata masafa ya juu ya sauti, ndilo lililonila mwaka. Kwenye karatasi ni jambo dogo: hatua nne zinazofuatana, kila moja inapunguza masafa ya juu kwa desibeli 6 kwa oktava (kila masafa yanapoongezeka mara mbili), jumla 24. Kisha unachukua kinachotoka mwisho, unakigeuza alama, unakirudisha mwanzoni. Hiyo ndiyo rezonansi. Kwenye masafa ya kikomo, pale chujio linapoanza kukata, hatua nne kwa pamoja huacha robo moja tu ya sauti, kwa hiyo ukirudisha mara 4, kinachorudi kinalingana na kilichoingia na chujio linaanza kupiga mluzi lenyewe. Mluzi huo ndio ami aliokuwa akiutumia kama nai. Alifunga mawimbi yote, akapandisha rezonansi mpaka mwisho, akalipiga chujio tupu kwa vitufe, na watu wakageuka kumtafuta mpiga filimbi.

Langu lilipiga mluzi, lakini mluzi ulitoka nje ya sauti. Noti za chini sawa, za juu zinapinda. Nilibadilisha namba kwa miezi, huku nikimlaumu kila mtu. Tatizo lilikuwa hili: kwenye sakiti, kinachorudi kinafika papo hapo. Kwenye kodi yangu kilichorudi kilikuwa jibu la sampuli iliyopita. Kuchelewa kwa sampuli moja hakusikiki, lakini kunatosha kuvuta kikomo, na kadiri unavyopanda ndivyo kunavyokivuta zaidi. Ilibidi nirudi kwenye aljebra ya sekondari: badala ya kutumia jibu la jana, andika mlinganyo wa hatua zote nne na mrejesho wake pamoja, uutatue mara moja kwa kila sampuli. Usiogope, kwenye karatasi ni ukurasa mmoja. Niliufanya usiku mmoja kwa mwanga wa simu, umeme ukiwa umekatika, na asubuhi yake mluzi ulikaa.

Bado ulikuwa msafi mno, na sauti safi mno inachosha. Kwenye chombo cha analogi, sauti ikiwa kubwa sehemu za ndani zinashindwa kuibeba, zinaikunja kidogo kidogo. Kwenye kodi unapata mkunjo huo kwa hesabu ya tanh, inayopinda namba kubwa zisivuke 1, na uuweke ndani ya mzunguko wa chujio. Ukiuweka mwisho utapata makelele tu. Mkunjo nao unazaa masafa mapya, na yakizidi yanarudi kama wale wavamizi, kwa hiyo sehemu hiyo iendeshe kwa sampuli 88,200 kwa sekunde kisha urudi 44,100. Prosesa italalamika kidogo. Iache.

Kupanda na kufifia kwa sauti hakutaki maneno mengi. Kwenye sakiti, kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) inapomwagika haishuki kwa mstari ulionyooka. Inaanza kwa haraka kisha inajivuta. Zidisha kila sampuli kwa 0.9999, baada ya sekunde moja utakuwa umebaki na kama asilimia 1. Ukitumia mstari ulionyooka, sauti inakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Vivyo hivyo usiruhusu nobu iruke: MIDI inatuma namba kuanzia 0 hadi 127, ngazi 128 tu, na kila ngazi itasikika kama zipu isipolainishwa.

Siku ya kuitoa mbele za watu, angalia bafa, yaani fungu la sampuli ambalo kompyuta inaliandaa kabla ya kulitoa. Nilikwenda arusini Mkomani nikiwa nimeiweka sampuli 512, karibu milisekunde 12 kabla sauti haijatoka. Peke yangu chumbani sikuiona. Mbele ya ngoma nilikuwa nyuma ya kila pigo, na mpiga ngoma alinitazama jicho ambalo sitalisahau. Nikaishusha hadi 128, milisekunde 3 hivi, na usiku uliobaki nikaomba Mungu laptopu isikwame. Ijaribu nyumbani, na mtu wa ngoma wa kweli.

Jambo ambalo chombo cha ami hakikuliweza, na ambalo naona ndilo linalostahili jasho letu watu wa pwani, ni robo toni, yaani nusu ya hatua kati ya noti mbili za piano zinazopakana. Taarabu haitembei juu ya noti kumi na mbili za piano peke yake. Noti ya tatu ya rasti, mojawapo ya maqamu (mipangilio ya noti) ya taarabu, inakaa kati ya mbili, na ami alilazimika kuivuta kwa mkono kila mara alipoifikia. Kwenye kodi, kila noti ina namba yake, 69 ikiwa ile ya Hz 440, na inageuzwa masafa kwa kanuni moja: 440 mara 2 kwa kipeo cha (noti toa 69) gawa kwa 12. Hakuna aliyesema noti lazima iwe namba nzima. Weka 63.5 mahali pa 64 utapata Hz 320 hivi, na hiyo hapo noti ya wazee. Mimi nimeweka jedwali la vitufe kumi na viwili, kila kimoja kina senti zake (senti 100 ni nusu toni moja), na kitufe kimoja cha kubadilisha maqamu wimbo ukiendelea. Kazi yake ilikuwa jioni moja. Nilipaswa kuanza nayo.

Mwezi uliopita nilimkalisha ami, nikamfunika macho kwa kikoi, nikampigia faili mbili: moja niliirekodi kwa SH-101 siku moja ilipokubali kuamka, nyingine yangu. Alisikiliza zote mara mbili. Ya pili, akasema, ndiyo yake, kwa sababu ina rasti sawa. Ya pili ilikuwa yangu. Nikamfungua macho, nikamwonyesha laptopu. Aliigeuza juu chini, akaitazama mgongo kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na betri sita zaingia wapi?"