Maswali Yenu: Kwenda Suriname kuona kasa

SWALI: Mhariri, tunaishi Nairobi na tuna wiki mbili za likizo. Tunataka kuona kasa wakitaga mayai Suriname, Amerika Kusini, kisha tuogelee baharini. Twende mwezi gani?

JIBU: Nendeni Aprili, lakini kuogelea baharini sahauni. Pwani ya Suriname karibu yote ni tope la mto Amazon linaloletwa na mkondo wa bahari, na maji ni ya kahawia. Wanaotaka kuogelea huenda vijito vya bara, kama Colakreek.

Kasa hutaga Galibi, mlangoni mwa mto Marowijne, kuanzia Februari hadi Agosti. Aprili huwakuta kasa wa kawaida pamoja na noa, yule mwenye gamba kama ngozi. Kutoka Paramaribo, mji mkuu, ni gari hadi mji wa Albina, kisha boti hadi Galibi. Laleni huko, maana kasa hupanda ufukweni usiku. Tochi nyeupe huwarudisha majini, tumieni nyekundu. Mwishoni mwa Aprili masika yao huanza, kwa hiyo msichelewe.

Chanjo ya homa ya manjano mchome angalau siku 10 kabla. Cheti hudaiwa kwa watokao Kenya. Magari hupita kushoto, kama kwetu.