Homurani chukueni, vituo niachieni

Mhariri ameuliza wiki hii: "Rekodi ipi ya michezo usingependa ivunjwe?" Najua wengi watataja wanasoka na wakimbiaji. Mimi naenda kwenye besiboli, mchezo ambao huku kwetu wachache tu wanaufuatilia, na jibu langu ni Hank Aaron. Ila siyo kwa rekodi iliyompa jina.

Hiyo ni ya homurani, yaani kupiga mpira ukavuka uzio, mpigaji akazunguka vituo vyote vinne bila bughudha. Babe Ruth, kipenzi cha Marekani nzima, aliacha homurani 714. Aaron, Mmarekani Mweusi mzaliwa wa Mobile, Alabama, akamaliza msimu wa 1973 akiwa na 713. Basi ikawa kusubiri kipupwe chote. Barua za mwaka huo zilikadiriwa kufika 930,000. Wapo waliomtia moyo, lakini wengine walimtukana na kuapa kumuua, kosa lake rangi. Ikabidi atembee na mlinzi.

Tarehe 8 Aprili 1974, Atlanta, Al Downing, mrushaji wa timu pinzani ya Dodgers, akarusha, Aaron akaupeleka mpira nje: 715. Alipokuwa akizunguka vituo, vijana wawili wa Kizungu wakaruka uwanjani wakamfuata mbio. Kumbe walitaka kumpiga bega tu kwa furaha. Mama yake, Estella, alipomfikia alimkumbatia akamng'ang'ania.

Alistaafu 1976 na homurani 755. Mwaka 2007 Barry Bonds akampita. Sawa, hiyo imekwenda.

Ninayoitetea mimi ni ya jumla ya vituo. Kila pigo zuri linahesabiwa kwa vituo ulivyofika: kimoja, viwili, vitatu au vinne. Aaron alikusanya 6,856. Anayemfuata, Albert Pujols, alicheza misimu 22 akaishia 6,211. Kutoka kituo hadi kituo ni kama mita 27, kwa hiyo mapigo ya Aaron yana thamani ya kilomita 188 hivi, karibu sawa na kutoka Dar hadi Morogoro kwa miguu.

Rekodi hiyo haipatikani kwa msimu mmoja wa kuwaka moto. Aaron hakuwahi kufikisha homurani 50 kwa mwaka. Msimu wake mkubwa ulikuwa wa 47, tena akiwa na miaka 37. Ukimfutia homurani zote 755, bado anabaki na mapigo 3,016, idadi ambayo wengi hustaafu bila kuinusa. Na huyu ni mtu aliyeanza kwa kushika gongo mikono ikiwa imepishana kinyume! Mwaka 1952 alikuwa na Indianapolis Clowns, timu ya Weusi. Mwenyewe alisimulia walivyokula kwenye mgahawa mmoja Washington, kisha wakasikia jikoni sahani walizolia zikivunjwa moja baada ya nyingine. Miaka miwili baadaye alikuwa ligi kuu na Milwaukee Braves, na hakuondoka ligi kuu hadi misimu 23 ilipotimia.

Anayetaka kumfikia anahitaji vituo 300 kila mwaka kwa karibu miaka 23. Aaron alifikisha 300 katika misimu 15. Akitokea kijana wa kumpita nitampigia makofi, ila shingo upande.