Uliza Ujibiwe: Vitabu kuhusu sinema za Kihindi, nianze na kipi?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kitabu kuhusu Lata Mangeshkar, muimbaji wa nyimbo za picha za Kihindi, basi meseji zikamiminika, nyingi zimetoka hapa hapa Tanga na zingine Pangani na Muheza. Nimechukua tano. Ambao sijawajibu mnisamehe, maswali yenu mengi yanafanana na haya.

Shikamoo shangazi. Bibi yangu anakaa Ngamiani, kila jioni akikuna nazi anaimba nyimbo za picha za Kihindi za zamani. Kihindi hajui hata neno lakini nyimbo anazo mwanzo mpaka mwisho. Nikimuuliza hii kaimba nani, kila wimbo ananiambia Nargis. Nataka nimsomee kitabu kuhusu hizo picha, nianze na kipi?
*Binti wa kidato cha nne, Ngamiani*

Marahaba mwanangu. Mungu akuzidishie kwa kumfikiria bibi yako.

Kwanza tuliweke sawa la Nargis, maana hapo ndo pa kuanzia. Nargis alikuwa anaigiza, midomo inacheza, lakini sauti si yake. Zile nyimbo zake za Awaara, picha ya Raj Kapoor ya 1951, aliyeimba ni Lata. Walikuwa wanarekodi wimbo kwanza studio, muimbaji na wapiga vinanda, afu siku ya kupiga picha santuri inawekwa na muigizaji anafuatisha kwa midomo. Mama yangu mimi aliishi miaka na miaka akiamini kama bibi yako, na siku nilipomwambia alikasirika kabisa, akaniambia we huwezi kunifundisha Nargis.

Sasa kitabu. Tafuta cha Nasreen Munni Kabir kiitwacho Lata Mangeshkar in Her Own Voice, kimetoka 2009. Huyu mama kazi yake ni kukaa na mtu, anauliza, anamuacha aseme, anauliza tena. Kitabu kizima kimekwenda hivo, swali na jibu, kwa hiyo ukimsomea bibi atasikia kama kuna mgeni kaja barazani wanapiga stori. Kwa mtu wa umri wake hakuna mtindo bora kuliko huo.

Na kuna kisa kimoja usiache kumsimulia. Mwaka 1949 ilitoka picha inaitwa Mahal, Madhubala ndo staa, anacheza mwanamke anaitwa Kamini. Kuna wimbo mle Lata kaimba ukavuma ajabu, lakini santuri zilipotoka pale penye jina la muimbaji pameandikwa Kamini! Yani jina la mtu wa kwenye hadithi, mtu ambae hayupo duniani. Watu wakawa wanaandika barua redioni kuuliza huyu anayeimba ni nani, mpaka jina la Lata likajulikana. Ndo ilivyokuwa enzi hizo, mwenye sauti hatajwi. Kwa hiyo bibi yako kosa si lake, waliotengeneza zile santuri wenyewe walikuwa wanamficha muimbaji.

Ukimaliza hicho, mama huyo huyo ana kitabu cha mazungumzo na muigizaji Waheeda Rehman (2014), kingine na Javed Akhtar mtunzi (1999), na kingine cha maisha ya muongozaji Guru Dutt (1996). Hicho cha Guru Dutt ukisome mwenyewe kwanza kabla ya kumsomea bibi, kina huzuni. Kijana yule katengeneza Pyaasa 1957, picha ambayo mpaka leo wanaojua sinema wanaitaja kati ya bora za India, miaka miwili mbele akaitoa Kaagaz Ke Phool, ya kwanza India kwa sinemaskopu, yani ile picha pana ya kujaza ukuta, ikaanguka vibaya, hakuongoza tena picha kwa jina lake, na 1964 akafariki akiwa na miaka 39.

Anti mambo. Mimi na washkaji tunabishana kuhusu picha ya Sholay kijiweni. Mmoja anasema mwisho wake ulibadilishwa na serikali, mwingine anasema ni uzushi. Kuna kitabu cha kumaliza ubishi?
*Dereva bodaboda, Chumbageni*

Poa mwanangu. Kipo, na aliyesema ulibadilishwa ndo mwenye haki yake.

Anupama Chopra kaandika kitabu kizima juu ya picha hiyo moja tu, Sholay: The Making of a Classic, cha mwaka 2000. Si kinene, unaweza kukimaliza ukisubiri abiria, na kwa maoni yangu kila anaetaka kujua picha inatengenezwaje aanze na hiki, maana kinakuonyesha jasho. Wamekwenda kupiga picha kwenye mawe ya Ramanagaram kule Karnataka, kijiji kizima cha kwenye picha wamekijenga wenyewe. Gabbar mwenyewe, yule jambazi, alikuwa achezwe na Danny Denzongpa, lakini tarehe zikagongana na picha nyingine aliyokuwa anakwenda kuipiga Afghanistan, ndo nafasi akapewa Amjad Khan ambae hakuna aliyekuwa anamjua. Leo nani anamfikiria Gabbar bila ile sura na ile sauti?

Kuhusu mwisho. Ulivyoandikwa na kupigwa mwanzo, Thakur, yule polisi wa zamani asie na mikono, anamuua Gabbar kwa miguu yake. Sasa mwaka huo 1975 India ilikuwa kwenye hali ya hatari, bodi ya ukaguzi wa filamu ikasema hapana, mtu aliyekuwa polisi hawezi kuonekana anajichukulia sheria mkononi. Wakalazimika kupiga upya, polisi wanatokea wanamzuia, na ndo huo tulioangalia sie wote. Picha ikatoka tarehe 15 Agosti 1975, wiki za mwanzo waandishi wa magazeti waliiponda, baadae ikakaa ukumbi wa Minerva Bombay zaidi ya miaka mitano. Hata maneno matupu, yani mazungumzo bila wimbo, yaliuzwa kwenye santuri. Ndo maana watu wanayajua kwa kichwa.

Na maneno hayo waliyatunga watu wawili, Salim Khan na Javed Akhtar. Hawa kuna kitabu chao, Written by Salim-Javed cha Diptakirti Chaudhuri, 2015. Kisa chao ninachokipenda kuliko vyote ni cha picha ya Zanjeer, 1973. Mabango yametundikwa Bombay nzima, majina ya mastaa makubwa makubwa, wao waliotunga hadithi hawamo. Wakamkodi mtu, akazunguka mji na rangi akaandika majina yao juu ya mabango. Baada ya hapo jina la mtunzi likawa linauza picha kama la stelingi. Waambie washkaji kijiweni, kabla ya staa Amitabh Bachchan kufungua mdomo kuna watu walikaa chini wakaandika.

Dada habari. Hivi vitabu vipo vya Kiswahili? Na vinapatikana wapi?
*Mwalimu, Muheza*

Nzuri mwalimu. Hivi ninavyovitaja vyote vimeandikwa Kiingereza. Ushauri wangu anza na vile vya mazungumzo, sentensi zake fupi na mtu anaongea kama anavyoongea, hata kama Kiingereza kinakwama utafika. Kuvipata, agiza kwa mtu anaetoka Dar, au kama una jamaa Mombasa au Nairobi mtumie jina kamili la kitabu na la mwandishi, upige picha kava umrushie kwenye simu asije akakuletea kingine. Mimi nina kundi la akina mama watano, kila mmoja ananunua kimoja kwa mwaka tunazungushiana. Vya kwangu vimeshapata madoa ya chai lakini vinasomeka.

Assalamu alaykum bibie. Mwanangu kanambia Dilip Kumar, yule muigizaji, alikuwa muislamu na jina lake Yusuf. Mimi nimempenda mtu huyu tangu usichana wangu, sijapata kusikia. Ni kweli? Na kwanini alijificha?
*Mama wa wajukuu saba, Makorora*

Waalaykumu ssalaam mama yangu, shikamoo. Ni kweli tupu. Jina lake Yusuf Khan, kazaliwa Peshawar 1922, baba yake mfanyabiashara wa matunda. Maisha yake kayasimulia mwenyewe kwenye kitabu cha 2014, The Substance and the Shadow, akisimulia na Udayatara Nayar anaandika.

Mle anaeleza alivyopata kazi kwa Devika Rani, mama aliyekuwa anaendesha studio ya Bombay Talkies, na ni yeye Devika Rani aliyempendekezea atumie jina lingine kwenye picha. Kijana akakubali, na sababu moja naiona nyepesi na ya kibinadamu sana, alikuwa anamuogopa baba yake. Mzee hakuitaka kabisa hii kazi ya kuigiza, kwake ilikuwa uhuni tu. Picha ya kwanza Jwar Bhata ikatoka 1944, baba hajui. Kaja kujua baadae, babu yake Raj Kapoor, jirani yao wa tangu Peshawar, alipomchukua akamuonyesha bango barabarani, si mwanao yule? Hebu fikiria mama, kiunga chetu hiki hiki, mzee anashikwa mkono anaonyeshwa sura ya mwanae ukutani na chini pana jina la mtu mwingine. Akakaa kimya na mwanae kwa muda.

Wengi walibadilisha. Meena Kumari alizaliwa Mahjabeen, Madhubala alizaliwa Mumtaz, Nargis ni Fatima. Ila Waheeda Rehman alikataa! Alipokuja Bombay kwa picha ya C.I.D. ya 1956, msichana mdogo hata mkataba hawezi kuusaini bila mama yake, waongozaji wakamwambia jina lako refu, halivutii. Akasema hili wamenipa wazazi wangu na silibadilishi. Tena akataka iandikwe kwenye mkataba kwamba nguo asiyoipenda havai. Hayo anamsimulia Nasreen kwenye kile kitabu cha mazungumzo. Nikisoma pale huwa nafunga kitabu kidogo nakaa. Binti wa umri ule, ugenini, mbele ya wanaume wenye hela zao.

Kitu kimoja mama nikutahadharishe, mtu akijisimulia mwenyewe kuna mahali anaruka. Dilip Saab kaongea kwa heshima mno, vitu vingine kapita mbali. Ukitaka anaesema wazi msome muigizaji Rishi Kapoor, Khullam Khulla ya 2017, yeye kakiri humo kwamba alitoa hela apate tuzo kwa picha yake ya Bobby na mpaka uzee anaona aibu. Na ukitaka kitabu kilichoandikwa na mtu ambae hakuwahi kukutana na staa wake, kipo cha Vinod Mehta juu ya Meena Kumari, kakiandika 1972 mara tu baada ya mama yule kufariki, wiki chache tu picha yake ya Pakeezah imetoka. Kazunguka kuwauliza waliomjua. Mimi sikukipenda mwanzo, nilimuona anajiweka mbele sana, lakini kurasa za kifo zilinitoa machozi.

Shangazi, nasoma chuo, nataka kuandika kuhusu kumbi za sinema za Tanga zamani. Kuna aliyeshaandika au nianze sifuri?
*Kijana wa Raskazone*

Huanzi sifuri. Laura Fair, mwanahistoria wa Marekani, kaandika Reel Pleasures, 2018, historia ya watazamaji na wenye kumbi kwenye miji ya Tanzania, na kahoji watu wengi. Mle utakuta Jumapili ilivyokuwa siku ya familia nzima kwenda sinema, utakuta walanguzi wa tiketi, utakuta wenye kumbi wenyewe ambao wengi ni wahindi wa hapa hapa. Kabla ya hapo alishaandika jinsi wasichana wa Zanzibar miaka ya hamsini walivyotoka kwenye Awaara wanajiuliza mapenzi na ndoa zao wenyewe. Kisome chote, hata kurasa zisizohusu Tanga, ujifunze anavyouliza.

Halafu funga kitabu utoke nje. Tanga ilikuwa na Majestic, Novelty na Regal, na waliokaa kwenye vile viti bado tunao, lakini kila mwaka tunawazika. Usiende na swali la jumla la sinema ilikuwaje, atakwambia ilikuwa nzuri na basi. Muulize alivaa nini, alikwenda na nani, karanga zilikuwa kwenye karatasi ya namna gani, alirudi nyumbani kwa njia ipi, nani alimpiga kwa kuchelewa. Waulize na wapiga taarabu wetu wa siku zile, maana huku pwani nyimbo kibao ziliwekwa maneno ya Kiswahili kwenye sauti za Kihindi. Muulize na aliyekuwa anachana tiketi mlangoni, wala usikimbilie wenye majina tu.

Na uliza madaftari. Mama yangu aliacha daftari la shule, nyuma lina meza ya kuzidisha, ndani kaandika nyimbo za picha alizoangalia, Kihindi kwa herufi zetu kama alivyosikia kwa sikio, neno limekatwa katikati, lingine limefutwa mara mbili na kuandikwa tena, pembeni kaweka alama ya nyota kwa zile alizozipenda zaidi. Ukurasa mmoja una tone la mafuta ya nazi, karatasi imekuwa kama kioo na wimbo wa upande wa pili unaonekana kinyume. Hajui maana hata ya mstari mmoja na hakukosea mahadhi hata siku moja.

Hilo daftari ninalo, liko kwenye mfuko wa nailoni kabatini. Njoo Jumamosi baada ya alasiri ulione, uje na simu yenye chaji ulipige picha kurasa zote, na upitie kwanza kumuona yule binti wa Ngamiani, bibi yake bado anakumbuka.