Komamanga la mbegu huko Kabale

Dada, umeuliza kama mbegu za komamanga ulilonunua Kampala zitaota kwenye baridi ya Kabale. Kuota zitaota; kazi ni kuzaa.

Wengi huzika punje pamoja na nyama yake. Ile nyama nyekundu ina sukari, hushika ukungu kabla mbegu haijapasuka. Zitie kwenye chujio, uzisugue kwa maji mpaka zisiteleze tena vidoleni, kisha zianike kivulini siku mbili. Zifukie kina cha sentimita 1 kwenye udongo wenye mchanga. Zinapenda joto la nyuzi 20 hadi 25, na usiku wa kwenu haufiki hapo, kwa hiyo kopo lilale jikoni, karibu na sigiri (karibu, si juu yake!). Vumilia hata wiki 6.

Miche ikikomaa, ihamishie mbele ya ukuta unaopigwa na jua kutwa, pasipotuama maji. Matunda usiyatarajie kabla ya miaka 3, na huenda yasifanane na ulilokula. Kwa hiyo mimi ningetafuta jirani mwenye mkomamanga unaozaa, nikamwomba kijiti cha sentimita 20 nikichomeke.