Betri Inaisha Pikipiki Ikiwa Imeegeshwa: Mtafute Mnyonyaji Kabla Hujanunua Nyingine

Ijumaa jioni naiegesha, nazima, natia ufunguo mfukoni. Jumatatu asubuhi nabonyeza stata: tak-tak-tak-tak, taa za dashibodi zinafifia kwa kila mlio, halafu kimya. Siku za kazi haikuwa na neno, ilikuwa inawaka kwa mguso mmoja. Aibu yake ilikuwa Jumatatu tu.

Nilifanya wanachofanya wengi, nikanunua betri. Wiki tatu baadaye mchezo ukawa uleule. Fundi akapima chaji injini ikiunguruma, mita ikasoma volti 14.2, akasema mfumo wa chaji ni mzima, basi betri niliyouziwa ndiyo kimeo. Nikanunua ya pili. Jumatatu ya pili tu nayo ikanilalia, na hapo ndipo nilipoacha kununua na kuanza kufikiri.

Asubuhi unachokiona ni kimoja, ila ugonjwa unaweza kuwa mmoja kati ya mitatu. Betri haipati chaji unapoendesha; au inapata lakini haishiki; au inapata, inashika, ila kuna kitu kinainyonya ukiwa umelala. Fundi wangu alipima la kwanza, akahukumu la pili. La tatu hakuna aliyeligusa.

Kuna kipimo kisichohitaji chochote zaidi ya spana. Chaji betri mpaka ijae, halafu fungua waya wa hasi, uukunje pembeni usiguse kitu, uiache pikipiki kwa muda uleule ambao huwa unaimaliza. Ukirudisha waya na stata ikazungusha injini kwa nguvu, betri haina kosa, mlaji yuko ndani ya pikipiki. Ikiwa imelala hata ilipokuwa imefunguliwa, basi kweli betri imechoka. Yangu iliwaka bila kusita. Nilifurahi na kuudhika kwa pamoja, maana ile betri ya kwanza niliyomwachia fundi huenda ilikuwa nzima pia.

Kwa nini hasi na si chanya? Fremu nzima ya pikipiki imeungwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikateleza ikagusa chuma chochote, umepiga shoti, cheche zinaruka juu ya betri ambayo huenda imetoa gesi inayoshika moto. Hasi ikishatoka, spana ikigusa fremu hakuna kitu. Wakati wa kurudisha unageuza: chanya kwanza, hasi mwisho.

Sasa mita. Ile ya kawaida ya mkononi yatosha. Anza na volti, pikipiki ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa: betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, ikishuka chini ya 12 usitegemee stata. Washa injini, ongeza mafuta kidogo, usome tena. Kati ya 13.8 na 14.5 hivi maana yake chaji inaingia. Isipopanda, shida yako ni ya chaji, na makala haya hayatakusaidia sana.

Ikipanda, kama yangu, pima mvuto, yaani umeme unaonyonywa pikipiki ikiwa imezimwa. Zima kila kitu, toa ufunguo. Fungua hasi. Hamisha waya wa mita kwenye tundu la ampea 10, kisha unganisha ncha moja kwenye waya uliofungua na nyingine kwenye betri palepale ulipokuwa umefungwa, ili umeme wote unaotoka upite ndani ya mita. Anza na tundu hilo kubwa. Ukiona mvuto ni mdogo, ndipo ushuke kwenye tundu la miliampea (elfu moja ndizo ampea moja). Pikipiki yenye kompyuta ya injini ipe dakika chache, kwa sababu ikiunganishwa huamka kwanza ndipo isinzie, na tarakimu za mwanzo hudanganya.

Na mita ikiwa hapo, usiguse ufunguo. Mimi niligusa. Nilikuwa nimeshashuka kwenye miliampea, nimeona 46, nikataka kujua swichi ikiwashwa inakuwaje. Skrini ikaruka, ikarudi sifuri. Nikazima: sifuri. Nikachomoa hiki, nikarudisha kile: sifuri! Kwa robo saa nzima niliamini tatizo limejitibu lenyewe, kumbe nilikuwa nimeunguza fyuzi ya mita. Kwa hiyo ukiona sifuri kamili, shuku mita yako kwanza.

Nilipobadilisha fyuzi zile 46 zikarudi, nami nikakaa chini kupiga hesabu. Pikipiki isiyo na vikorokoro vingi hunyonya chini ya miliampea moja, au chache tu kama ina saa na kompyuta. Alamu huongeza zake. Miliampea 46 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 1.1 kwa siku. Betri yangu imeandikwa 5Ah, yaani ampea-saa tano. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi zimeondoka karibu ampea-saa tatu kati ya tano, na kilichobaki hakiwezi kuzungusha stata. Usiku mmoja wa katikati ya wiki hula nusu ampea-saa tu, na safari ya asubuhi inairudisha. Fumbo la Jumatatu likaishia hapo, juu ya karatasi.

Kumtafuta mlaji ni kazi ya subira: unachomoa kimoja, unasoma mita, unarudisha, unaenda kingine. Fyuzi ndizo za kuanza nazo, kwa sababu fyuzi ikitoka na tarakimu zikaanguka, umejua ni njia ipi. Nilichomoa zote, mita haikutikisika. Hiyo nayo ilikuwa habari: mlaji wangu alikuwa ameungwa upande ambao umeme haujafika kwenye fyuzi.

Nikakumbuka ile soketi ya kuchajia simu niliyoifunga mwenyewe kwenye usukani, nyaya zake nimezileta moja kwa moja hadi kwenye betri kwa sababu ilikuwa rahisi. Haikuwa na simu wala nini, lakini ndani yake kuna kisakiti kinachoteremsha volti 12 kuwa 5, na kataa kadogo ka bluu ambako nilikuwa nakaona kazuri usiku. Nilipoikata, 46 ikawa 34. Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana 34 bado ni nyingi.

Aliyebaki alikuwa rektifaya, lile boksi la alumini lenye mapezi. Kazi yake ni kugeuza umeme wa koili, zile nyaya zinazozalisha umeme injini ikizunguka, uwe wa kuingia betri na kuuzuia usizidi. Ndani kuna diodi, mithili ya milango inayofunguka upande mmoja: umeme uje kwenye betri, usirudi. Mlango mmoja ukilegea, injini ikizimwa umeme unarudi taratibu kinyumenyume, na bado ukiwasha chaji itasoma 14 na ushei kama kawaida. Ndiyo maana kipimo cha fundi hakikuona kitu. Nilichomoa soketi yake huku nikiangalia mita: 34, halafu 1. Nilirudisha na kuchomoa mara tatu kwa raha tu.

Wako huenda akawa mwingine. Swichi ya breki iliyokwama huacha taa ya nyuma inawaka, nenda uitazame gizani. Swichi ya ufunguo ya baadhi ya pikipiki ina nafasi ya P, ufunguo unatoka na taa ya nyuma inabaki. Balbu ya wati 5 pekee huvuta ampea 0.4, na betri kama yangu huisha kwa nusu siku. Alamu na vifaa vya kufuatilia pikipiki ni washukiwa wa kudumu. Waya uliochubuka chini ya siti au kwenye shingo ya usukani hunyonya kwa vipindi, ndio msumbufu kuliko wote: tikisa nyaya huku unasoma mita. Uchafu wenye unyevu wa asidi juu ya betri nao hupitisha umeme kidogo kutoka ncha hadi ncha. Futa kwa maji yenye magadi, yasiingie ndani, kisha ukaushe.

Wengine hutumia balbu ndogo badala ya mita. Itakuonyesha uvujaji mkubwa, lakini kwa miliampea 46 haitawaka, nawe utadhani uko salama.

Ukishampata mlaji, chaji betri kwa chaja mpaka ijae badala ya kutegemea safari fupi. Betri ikishalala mara nyingi, bamba zake huota ukoko wa salfeti na uwezo hupungua, kwa hiyo mnyonyaji aliyeachwa muda mrefu huishia kuiua betri kweli. Hapo utakuwa na magonjwa mawili, na ukitibu moja utaona kama hujatibu kitu.

Mimi nilibadilisha rektifaya. Soketi ya simu niliirudisha, safari hii kupitia rilei, swichi ndogo ya umeme, inayoamshwa na swichi ya ufunguo. Kataa ka bluu sasa kanazimika nikitoa ufunguo, na nikisafiri zaidi ya wiki mbili nafungua hasi kabla sijaondoka. Spana ya namba 10 inakaa chini ya siti.