Kabla Hujasaini Fomu ya Chama: Ushauri kwa Wafanyakazi wa Supamaketi

Mwezi uliopita alinijia binti mmoja anayefanya kazi ya ukeshia katika supamaketi hapa Dar es Salaam, akiwa na fomu ya TUF 6, ile ya kuruhusu ada ya chama cha wafanyakazi ikatwe kwenye mshahara, aliyoikunja mara nne na kuificha nyuma ya kava la simu. "Dada, nisaini au nisisaini?" aliniuliza. Wenzake kazini walikuwa wamegawanyika kiasi cha kutosalimiana: wengine wakisema chama ndicho kitakachowaokoa, wengine wakisema chama kitawakata hela na kuwafukuzisha kazi. Mimi nimekaa kwenye kaunta ya malipo miaka tisa, na minne kati ya hiyo nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, kwa hiyo nilimjibu kwa kirefu. Nimeona niliandike jibu hilo kwa ajili ya wengine waliofikia njia panda ileile.

Nianze na shoti, yaani hela inayopungua kwenye droo ya keshia, kwa sababu kwetu chama kilianzia hapo. Kila usiku, milango ikishafungwa, tulibeba droo zetu hadi chumba kidogo nyuma ya stoo, tukapanga noti kwa thamani zake, na sarafu za mia na mia mbili tukazimwaga juu ya meza na kuzihesabu kwa mafungu ya kumi kumi. Hesabu ikipungua, msimamizi aliandika kiasi hicho kwenye daftari lenye jalada jekundu, keshia akaweka saini, na mwisho wa mwezi kiasi hicho kilikatwa kwenye mshahara. Hakuna aliyekuonyesha miamala iliyofutwa kwenye mashine siku hiyo, wala hakuna aliyeandika kwamba mchana, ulipokwenda kula, mtu mwingine alikaa kwenye droo yako kwa dakika arobaini. Mwezi mmoja mwenzangu, mama wa watoto watatu, alipokea chini ya nusu ya mshahara wake. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, hati ya mshahara ikiwa mapajani, anaisoma na kuirudia kana kwamba tarakimu zingebadilika.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, hairuhusu makato ya namna ile. Mwajiri anayetaka kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara lazima iwe ni hasara iliyotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo. Lazima aeleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na namna kilivyokokotolewa. Lazima ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga. Na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Haki hiyo tulikuwa nayo tangu siku ya kwanza ya ajira, bila chama chochote. Hata hivyo, keshia wawili waliothubutu kumpelekea meneja nakala ya kifungu hicho waliambiwa kwa upole kwamba mikataba yao inaisha mwezi wa tatu na kwamba wangefanya vizuri kufikiria hilo. Baada ya siku hiyo hakuna aliyetaja tena kifungu cha 28, na daftari jekundu liliendelea kama kawaida. Nililojifunza pale, na ndilo msingi wa ushauri wangu wote, ni kwamba tatizo letu halikuwa kukosa sheria bali kuidai mmoja mmoja.

Ndiyo maana ninawaomba wanaobishana juu ya chama waache kukizungumzia kama ofisi iliyoko mjini ambayo itakuja na gari kuwatetea. TUICO, ambacho ndicho chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kina viongozi wake na maofisa wake, lakini dukani kwenu chama ni tawi, na tawi ni ninyi. Sisi tulikuwa wafanyakazi 64, ukiacha walinzi na wafanya usafi ambao waliajiriwa na kampuni nyingine na kwa hiyo hawakuingia kwenye hesabu yetu, jambo ambalo linanisumbua hadi leo kwa sababu wao ndio waliokuwa na hali mbaya kuliko sote. Waliojaza TUF 6 walikuwa 41. Fomu hiyo ndiyo inayomruhusu mwajiri kukata ada ya chama kwenye mshahara wako, na akishaikata anatakiwa kuiwasilisha kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Ukibadili mawazo, unaweza kujitoa kwa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Anayekuambia kwamba ukishasaini umefungwa maisha hajaisoma sheria.

Uzito wa idadi unatokana na kifungu cha 67 cha sheria ileile. Chama kilichosajiliwa, kikiwa na wanachama walio wengi katika kundi husika la wafanyakazi, kina haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano. Kikishatoa taarifa rasmi, mwajiri anapaswa kukutana nacho ndani ya siku 30, na wasipoelewana shauri linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, na likishindikana huko linakwenda Mahakama ya Kazi. Kwa hiyo nusu ya wafanyakazi ukiongeza mtu mmoja ni mstari wenye maana kubwa, na kampeni inayoishia kwenye theluthi, hata kama wote wana hasira ya haki, itawaacha wanachama wanakatwa ada huku meneja akiwa hana wajibu wa kujadiliana nao. Msisaini kwa hasira ya siku moja. Hesabuni kwanza, zamu kwa zamu, kaunta kwa kaunta, bucha, mkate, mboga na stoo, na ongeeni na wale wanaopinga kabla ya wale wanaokubali.

Wanaopinga wanastahili kusikilizwa, na wengi wao si vibaraka wa mwajiri. Wapo waliolelewa na wazazi waliokatwa mishahara enzi za NUTA, chama pekee cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka 1964 baada ya vyama huru kuvunjwa, na kisha JUWATA, iliyokuwa jumuiya ya chama tawala, na wanachokumbuka ni makato tu. Mzee mmoja wa stoo aliniambia, "Mwanangu, mimi nimeshakatwa na vyama kuliko nilivyokatwa na waajiri." Sikuwa na jibu la kumnyamazisha, wala sikulitafuta. Nilimwonyesha kwamba safari hii yeye mwenyewe ndiye anayesaini au kukataa, na nikamwomba aje kwenye mkutano wa uchaguzi wa tawi hata kama hatajiunga. Alikuja, akauliza maswali makali kuhusu matumizi ya ada, na akaondoka bila kusaini. Ninaamini maswali yake yalitusaidia kuliko saini yake ambavyo ingetusaidia.

Hoja nzito zaidi ilitoka kwa meneja, naye hakuwa mtu mbaya. Alituambia kwamba faida ya supamaketi kwa kila bidhaa ni ndogo, kwamba mchele na mafuta vinauzwa karibu na bei ya kununulia, na kwamba Dar es Salaam imeshaona maduka makubwa yakifungwa: Shoprite iliuza maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikafunga mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe ikaanguka kwa madeni. Yote hayo ni kweli, na mfanyakazi anayeyapuuza anajidanganya. Lakini maduka hayo yalishindwa na hasara na madeni, si na chama cha wafanyakazi. Zaidi ya hapo, kama kuna wakati mtu anahitaji kuwa na chama kinachotambuliwa, ni pale duka linapokaribia kufungwa, kwa maana kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama hicho kuhusu nani ataondoka, lini, na kwa malipo gani. Asiye na tawi anakuta mlango umefungwa kwa mnyororo asubuhi.

Majadiliano yetu yalichukua miezi saba. Nyongeza ya mshahara tuliyoipata ilikuwa ndogo kuliko tuliyoahidiana kwenye mikutano, na ninalisema hili wazi kwa sababu ahadi kubwa ndizo zinazoua matawi. Lakini katika mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, tuliosaini, droo inahesabiwa mbele ya keshia na msimamizi, anayekaa kwenye droo ya mwenzake anaandika jina lake na saa, na shoti isiyofika shilingi 2,000 haikatwi. Wafanyakazi wa bucha walipata makoti mazito ya kuingilia chumba cha baridi. Awali walikuwa wanaingia na kanga kichwani. Waliofunga zamu saa tatu usiku walipata usafiri hadi kituo kikuu cha daladala. Mama yule wa kwenye ngazi aliomba apewe nakala yake mwenyewe ya mkataba, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya watoto.

Chama nacho kilituangusha mara mbili. Mara ya kwanza ofisa aliyepaswa kuja kwenye kikao na mwajiri hakutokea, na tukakaa wawakilishi sita tukiwa hatuna mtu mwenye uzoefu. Mara ya pili taarifa ya mapato ya tawi haikusomwa mwaka mzima, hadi tulipoandika barua. Kwa wanachama 41 sheria iliruhusu wawakilishi 10, lakini tuliwapata sita tu wenye moyo, na kati ya sita hao wawili walichoka. Mtu asiyekwenda kwenye mikutano ya tawi asishangae kukuta tawi limekuwa mali ya watu wawili.

Kuhusu hofu ya mkataba wa mwaka mmoja mmoja, sitamdanganya mtu kwamba ni hofu tupu. Sheria inakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya uanachama, na kutomwongezea mkataba mtu aliyekuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kumwachisha kazi. Lakini matarajio hayo lazima uyathibitishe. Tunza mikataba yako yote ya zamani, hati za mshahara, na ujumbe wowote wa simu unaokupangia zamu baada ya tarehe ya mwisho ya mkataba, na uvihifadhi nyumbani, si kwenye kabati la kazini. Likitokea la kutokea, una siku 30 za kufungua shauri CMA, na siku hizo huisha haraka kwa mtu aliyechanganyikiwa.

Binti yule nilimshauri asisaini siku ileile. Nilimwambia akaulize kwanza ni wangapi wameshasaini kati ya wangapi, ada itakuwa kiasi gani kwa mshahara wake, na nani watasimama kuwa wawakilishi. Aliniandikia wiki iliyofuata: waliosaini walikuwa 27 kati ya 50, naye hajawa mmoja wao, ila ameomba kubadilishiwa zamu ya Jumapili ili ahudhurie uchaguzi wa tawi.