Afande Mstaafu Anajibu: Simu zinapolia kwa ajili ya askari

SWALI: Shikamoo Afande. Kaka yangu anaishi Houston, Marekani. Oktoba 2024 simu yake ilipiga king'ora kabla ya saa kumi na moja alfajiri, watoto wakaamka wakilia. Kumbe kuna askari kapigwa risasi na mshukiwa hajakamatwa. Mume wangu ni konstebo hapa Nairobi. Je, akipotelea kazini, nani atanipigia mimi king'ora?
Mama Neema, Kayole

JIBU: Marahaba, mama. King'ora hicho Wamarekani hukiita Blue Alert, yaani tahadhari inayohusu askari polisi. Hutolewa askari akiuawa au kujeruhiwa vibaya, akipotea kazini, au kukiwa na tishio la kuaminika dhidi ya polisi. Jimbo la Florida lilianza mwaka 2008.

Lakini kilichowasukuma hasa ni Desemba 2014. Polisi wawili, Rafael Ramos na Wenjian Liu, waliuawa wakiwa wameketi ndani ya gari lao la doria, Brooklyn, jijini New York. Asubuhi hiyohiyo muuaji alikuwa amempiga mwanamke risasi karibu na Baltimore, kisha akaandika mtandaoni kwamba anakwenda kuua polisi. Onyo lilitumwa New York, lakini halikuwafikia askari hao kwa wakati. Mimi niliyezeekea chumba cha redio, hapo ndipo huniuma: habari ilikuwapo! Mwaka 2015 Rais Obama akatia saini sheria yenye majina ya askari hao wawili, ya kueneza Blue Alert nchi nzima.

Ya kaka yako ni kisa kingine. Aliyepigwa risasi alikuwa mkuu wa polisi wa mji wa Memphis, Texas, mamia ya kilomita kutoka Houston. Malalamiko yalimiminika kwa maelfu, na kwa maoni yangu walikuwa na haki. Ukimwamsha mtu asiyeweza kuona chochote, kesho anazima taarifa zote, hata ya mafuriko.

Sasa mumeo. Akichelewa kupita kawaida, pigia kituo chake, uliza ofisa wa zamu. Wakikuzungusha, nenda kituo kilicho karibu, uandikishe, na usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Hayo ya kungoja saa 24 ni maneno ya mtaani tu. Eleza alitoka saa ngapi, alipandia matatu wapi, na alivaa nini. Wengi wetu tulitoka nyumbani na nguo za kiraia, sare imekunjwa mkobani; ukisema "alivaa sare", wanatafuta mtu mwingine kabisa. Hata picha, wape ya kiraia. Ile ya sare yenye namba ya kazi usiitupe kwenye vikundi vya WhatsApp, maana hujui nani anaisoma.